Nilipomsemea Mungu

Mgeni alizungumza kwa muda usiozidi dakika mbili. Alisema kwa Kiingereza, polepole, macho yake kwangu badala ya kwa watu, kwamba mwamba ukiachwa miezi mitatu bila kuchokolewa, pweza waliomo watapata kukua, na kwa kadiri ya yaliyoonekana kwingine, yumkini siku ya kufungua watu wakapata kilo nyingi kuliko walizozoea. Yumkini. Neno hilo alilitia katikati ya maneno yake kama farumi inavyotiwa chomboni: haionekani sana, lakini bila yake chombo hulala ubavu.

Mkalimani nilikuwa mimi. Tulikuwa chini ya mkungu, kusini mwa Pemba, baada ya sala ya Alasiri. Wanaume wamekaa majamvini mbele, kina mama wamejibanza nyuma kwenye kivuli cha ukuta, wengine miguu bado ina chumvi. Niliwatazama nikaona watu waliochoka na mikutano. Nikasema: "Mwenyezi Mungu ametukataza uharibifu. Mwamba huu ni amana yake kwetu. Tukiupumzisha miezi mitatu, atatuzidishia."

Farumi nikaimwaga yote baharini.

Mzee mmoja akaitikia, "Insha'Allah." Mwengine akataka sheha aandike. Mgeni akaniuliza kama wamefahamu, nikamwambia wamefahamu sana. Mwamba ukafungwa bamvua lililofuata.

Mama yangu na dada yake walikuwa wachokoaji wa pweza, na mimi niliushika mchokoo kabla ya kushika kalamu. Nilipomaliza skuli nilipata kazi ya kufuatana na watafiti: kwanza kubeba kamba ya kupimia, halafu kuandika urefu wa nyasi bahari, mwisho kutafsiri. Watu hudhani ugumu wa kazi hii ni msamiati. Mtu wa pwani hapungukiwi na maneno ya bahari. Ana bamvua na maji mafu, ana kusi, kaskazi na matlai, na kina cha maji anakijua kwa rangi yake. Mweleze kwamba majini mna vijidudu na vijimea vinavyochukuliwa na mkondo, atakujibu kwamba vingine huwaka usiku, yeye huviona kila akitia kasia. Kilichonishinda mimi kutafsiri ni labda.

Barazani kwetu anayesema labda ameshashindwa. Labda ni neno la anayeuza ng'ombe mgonjwa. Mtafiti naye, asiposema labda, wenziwe humcheka. Kwake ni neno la adabu, na sisi tunalisikia kama neno la kubabaika. Sasa kijijini pana mahali pamoja tu ambapo mtu husimama akazungumza nusu saa bila labda hata moja, na mahali hapo ni mimbari. Mimi ni mwanamke, mimbari siipandi. Niliiazima.

Wazo halikuwa langu. Magharibi ya Pemba, mkabala wa Wesha, kipo kisiwa cha Misali. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakachokuwa msala wake, maana kimelala kuelekea kibla. Jina, wanasema, limetoka hapo. Mwaka 1998 Misali kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na muda mfupi baadaye likaanza jaribio lililokuja kuzungumzwa mbali sana na Pemba: kuwafundisha wavuvi uhifadhi kwa misingi ya Uislamu. Fazlun Khalid, mzaliwa wa Sri Lanka aliyeanzisha taasisi ya Kiislamu ya mazingira huko Uingereza, alishiriki kulisimamisha, na masheikh na wavuvi wakakaa pamoja kuzungumza. Hoja zilikuwa za kitabuni: mwanadamu ni khalifa, viumbe ni amana, na fiqhi tangu zamani inayo hima, eneo linalotengwa lisiguswe kwa maslahi ya wote. Kwa mtu aliyekuwa akirusha baruti juu ya matumbawe, hoja ya hima na amana ilikuwa nzito kuliko karatasi ya serikali.

Nilizisoma habari hizo nikiwa bado nabeba kamba, nikaona ufunguo ndio huu. Sikuona tofauti moja. Wale walikaa wakaulizana, wakabishana, wakamaliza siku. Mimi nilimaliza katika pumzi moja, na hakuna aliyenituma.

Siku ya kufungua maji yalikauka kama saa nne asubuhi. Watu walitoka kama siku ya Idi. Waliotangulia walitoka na pweza wakubwa, mmoja hata mikono miwili ya mtu ilikuwa kazi kumbeba, wakapigwa picha. Kisha mashimo yakawa matupu. Palikuwa na watu walioingia usiku kwa miwani na tochi wakati mwamba umefungwa. Hilo lilijulikana kijiji kizima na halikusemwa na mtu. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, alitoka mwambani saa sita na pweza wawili ambao ukiwaweka pamoja hawafiki kilo. Alisimama mbele yangu, kanga imelowa hadi kiunoni, akaegemea mchokoo wake.

"Mwanangu," akasema, "kakosea yule mgeni, au umekosea wewe, au kakosea Mungu? Wa tatu mimi simsemi. Basi niambie kati ya wawili."

Ninajua jibu la kitaalamu. Mgeni hakukosea: alisema yumkini, tena akasema kama mwamba utaachwa, na haukuachwa. "Kwingine" alikokusudia ni Bukini, yaani Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, ambako walianza kufunga miamba ya pweza mwaka 2004, na habari ikaenea hadi kwetu. Pweza wetu huyu wa mwambani huishi mwaka mmoja na kitu tu, hukua mbiombio, na mdogo akiachwa mwezi au miwili huongezeka uzito kwa namna ambayo chewa hawezi hata kuiota. Hesabu ni nzuri. Lakini Mama Mkubwa hakuniuliza hesabu. Aliniuliza nani alisema.

Usiku ule nilifungua msahafu, si kwa uchaji, kwa kujitetea. Nikaangukia Suratun-Nahli, mahali panapowaonya wale ambao ndimi zao hutamka hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Mungu. Nilikuwa nimeipita aya ile mara nyingi tangu chuoni na kila mara niliwaona ndani yake watu wengine: washirikina wa Makka, mapadri wa zamani, wanasiasa. Mara hii nilijiona mimi chini ya mkungu.

Kosa lenyewe nimelitafakari miaka sasa, na kila nikiligeuza naliona lina pande mbili. Sayansi ina haki ya kukosea. Ndiyo nguvu yake: mtu anapima, anakosea, anarudi kupima, anasema jana nilisema vile, leo nasema hivi, na haoni haya. Nilipoyachukua maneno ya mgeni nikayavisha kilemba, niliinyang'anya haki hiyo. Na upande wa pili, nilimweka Mwenyezi Mungu kwenye mizani ya soko la samaki, aonekane mkweli au vinginevyo kwa kilo za pweza. Kwa mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa, hilo la pili linanyima usingizi.

Msomaji atasema: basi iacheni dini, semeni sayansi tupu. Nilijaribu. Mkutano uliofuata, kijiji kingine, nilitafsiri neno kwa neno, na yumkini zote zikiwemo. Mvuvi mmoja wa mshipi akasimama, mtu mpole, akauliza: "Rizki hupangwa na nani?" Watu wakaitikia kwa pamoja. "Basi huyu mzungu anatutisha njaa, na aliyetuumba hakututisha." Akakaa. Mkutano ukaishia hapo. Huwezi kuiacha dini nje ya mlango, maana wenye nyumba ndimo wanamoishi.

Swali la rizki si la kijinga, na hunikera kuona watu wa mashirika wakilipita kwa tabasamu. Masheikh wamelihangaikia karne nyingi. Ghazali, ambaye alikufa mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake kikubwa juu ya kutawakali kwamba mtu aliyewekewa chakula mbele yake akakataa kunyoosha mkono, akidai anamtegemea Mungu, huyo hana tawakali, ana wazimu. Na ile hadithi ya ngamia anayefungwa kamba kwanza, hakuna mtoto wa chuoni asiyeijua. Hoja hizo nilimpelekea Mama Mkubwa tukiwa tunapara samaki uwani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ya ngamia naijua," akasema. "Mimi sikusema rizki isitafutwe. Nasema rizki haipungui. Inahama."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu kwa pweza maneno yale ni kweli kuliko yote niliyokuwa nimeyatafsiri. Mtoto wa pweza akitoka kwenye yai haanguki mwambani pake. Huelea, mdogo kama punje ya mchele na pengine chini ya hapo, akachukuliwa na maji kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini. Watoto wa pweza tunaowasubiri Pemba huenda wakatua upande wa Kenya, na wanaotua kwetu wametoka kusini kwa watu wasiotujua. Kufunga mwamba miezi mitatu kunamnufaisha anayefunga kwa sababu ya wale wanaokua hapohapo. Mayai ni ya mwenye bahati huko aliko. Mara moja ulimi uliniwasha niseme: hii ndiyo sadaka, unatoa usimjue apokeaye. Nikaumeza. Nilikuwa nimeshajifunza jinsi ninavyoteleza.

Jaribio jengine lilifanywa na khatibu, wala si mimi. Ijumaa moja alihutubu juu ya mji ule wa kando ya bahari uliotajwa katika Suratul-Aaraf, watu waliokatazwa kuvua Jumamosi, na samaki wakawa siku hiyo wanawajia juu ya maji waziwazi, siku nyingine hawaji. Wafasiri wanasimulia kwamba walitega Ijumaa wakategua Jumapili, wakasema sisi hatukuvua. Sisi wanawake tulisikia kwa kipaza sauti. Khatibu akakiunganisha kisa hicho na mwamba wetu: msiwe kama wale. Nje ya msikiti, mwenye madema mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: "Wale walikatazwa na Mungu. Sisi imetukataza kamati." Watu wakacheka, na khatibu mwenyewe, nasikia, akacheka.

Mimi niliona yule bwana kagusa penyewe. Tena pana jambo zaidi ambalo hakulijua. Samaki kujaa pasipovuliwa ni jambo ambalo mtaalamu yeyote angelitarajia, na nilitamani kulishika hilo na kusema tazameni, Kurani na sayansi zimekutana. Lakini fuata kisa mpaka mwisho. Kutega ukingoni mwa katazo, ambako ndani ya kisa ni hila iliyowaangamiza watu, kwa watu wa uvuvi ni jambo linalotakiwa: eneo likifungwa samaki hufurika nje ya mpaka, na anayetega pale nje ndiye anayeonja faida. Yupo mtu ninayemjua ambaye madema yake yote yako hatua chache nje ya maboya. Simtaji, ni mjomba wangu. Je, ni mwenye hila au ni mnufaika? Ukigundisha aya juu ya grafu, siku moja utajikuta umemlaani mtu ambaye grafu yako inamsifu.

Kabla ya yote hayo, bibi yangu alikuwa na mwamba usiochokolewa. Palikuwa na mzimu pale. Mara moja kwa mwaka walipeleka chetezo na ubani, na siku nyingine watu walipita mbali. Masheikh wakasema ni shirki, na sitawabishia. Mwamba ukawa wa kila mtu, ukachokolewa hata mawe yake yakapinduliwa. Miaka thelathini baadaye nikaja mimi na mgeni na maboya ya rangi ya chungwa kuomba watu wapite mbali. Mama Mkubwa alipoyaona maboya yale aliniuliza kama ubani nimeusahau nyumbani.

Swali lililonimaliza kabisa lilikuja katika kikao cha kina mama peke yao, kilichohusu matumbawe. Nilikuwa nimewaeleza kwamba tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake mnaishi vijimea vinavyompikia chakula kwa jua; maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa huvitoa nje, naye hupauka akawa mweupe, na joto lisiposhuka hufa. Wao weupe ule waliuona wenyewe mwaka 1998, na tena 2016. Nikawaambia kwamba mwezi Aprili 2024 wataalamu walitangaza dunia imo katika upaukaji mkuu wa nne wa matumbawe. Kisha, tabia ni ngozi, nikaitaja ile aya ya Suratur-Rum juu ya uharibifu kudhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu.

Mama mmoja kijana, mtoto yuko ziwani, akauliza: "Mikono ya watu gani?"

Nikanyamaza.

"Nauliza tu. Mimi sina pikipiki. Umeme wangu ni taa moja. Hayo maji yalipashwa moto na mikono ya nani?"

Hapo ndipo nilipoona ubaya mwengine wa mimbari ya kuazima: inatazama upande mmoja tu. Aya ile husomwa kwa wachokoaji wa Pemba kwa sababu wachokoaji ndio wanaokuja kwenye mikutano. Waliochoma mafuta na makaa ya mawe kwa karne mbili hawakai kwenye jamvi letu. Mchokoo unavunja tumbawe, ni kweli, na baruti inavunja zaidi, na hayo yana watu wake ninaowajua kwa majina. Joto la bahari lina watu wake pia. Kuyasema yote mawili kwa kauli moja, "mikono ya watu", ni kumtwika mama yule mzigo wa wengine na kuuita ibada. Nilimwambia: si yako. Wala sikuongeza "lakini". Bado sijui kama aya ilikuwa na haki ya kusomwa pale. Ninajua kwamba alipouliza vile aliisoma vizuri kuliko mimi.

Baada ya kikao hicho nilitaka kuacha kazi. Mama Mkubwa akanichukua mwambani, bamvua la kusi, upepo mkali, akanionyesha shimo ambalo mlangoni pake mawe madogo yamepangwa kama mtu amejenga kizingiti. Nililala kifudifudi, nikatia miwani majini. Ndani alikuwamo pweza jike, rangi imemfifia, ngozi imemlegea juu ya macho. Juu yake, darini mwa shimo, mayai yalining'inia vishada kwa vishada, meupe, maelfu kwa maelfu, na yeye akiyapulizia maji, anaacha, anapulizia tena.

"Huyu hali," akasema Mama Mkubwa juu yangu. "Hata umtilie kaa mlangoni. Ukimtoa ni mwepesi, nyama kama tambara. Mimi huyu simtoi."

"Nani alikufundisha?"

"Nilimtoa."

Nikamsimulia kwamba mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Jerome Wodinsky, alimpasua pweza jike wa aina nyingine aliyekuwa akiatamia, akamtoa tezi mbili zilizo karibu na macho. Yule mama akayaacha mayai, akarudi kula, akaishi muda mrefu kuliko wenziwe. Kufa kwake, kumbe, kulikuwa na kitasa, na mtu alikifungua. Mama Mkubwa alifikiri sana, maji yakimgonga magoti.

"Alipata nini, yule bwana?"

"Alipata kujua."

"Na mayai?"

Sikuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza kazini sikutafuta la kuazima. Nilisema sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, tukaendelea shimo la pili.

Mkutano wa kufunga mwamba mara ya pili ulifanyika uwani kwa sheha, mchana, kina mama mbele safari hii kwa sababu walikuja mapema wakakataa kusogea. Mgeni alikuwa mwengine, kijana wa Unguja, hakuhitaji mkalimani, lakini waliniomba nizungumze. Nilisema: mwamba ni wa Mungu, hilo mnalijua kuliko mimi na sikuja kuwafundisha. Haya ya miezi mitatu ni maneno ya watu. Wamepima Bukini, wamepima na sehemu nyengine za pwani hii, na mara nyingi imekuwa hivi. Mara nyengine haikuwa. Ile ya kwanza mimi niliwaambia Mungu kasema, na hakuniambia.

Kimya kilikuwa kirefu. Mjomba wangu alitazama chini. Mmoja wa wazee akauliza kama labda hiyo ni labda kubwa au ndogo, na kijana wa Unguja akajitahidi kumjibu kwa vidole: katika kumi, mara ngapi. Wakabishana juu ya walinzi wa usiku, juu ya nani atalipa mafuta ya boti, juu ya miezi mitatu iwe miwili. Ikawa miwili.

Mama Mkubwa aliinua mkono wakati sheha anakunja karatasi.

"Siku ya kufungua," akasema, "mizani itashikwa na nani?"

Sheha akasema kamati.

"Hapana. Nipeni mimi."